Kuinua kiti cha dereva kwenye boti ndogo ya kasi: mto, boksi, nguzo au kiti cha kukunja?

Bwawa la Mtera lina vitu vingi ambavyo dereva wa boti ya kasi havioni mpaka amevikaribia. Kuna miti mikavu iliyobaki tangu bonde lilipojazwa maji. Mingine imesimama wazi, mingine imekatika na kisiki chake kimejificha chini kidogo ya uso wa maji. Kuna nyavu zilizoshikiliwa na maboya ya chupa za plastiki. Kuna mitumbwi ya wavuvi wa perege na kambare, yenye ubavu mfupi unaopotelea kwenye wimbi dogo tu. Na viboko wapo. Halafu maji yenyewe hayatulii mahali pamoja mwaka mzima: kimo cha kujaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kile cha chini kabisa cha kuzalishia umeme ni mita 690. Katika tofauti hiyo ya mita nane na nusu, kisiki ulichopita juu yake salama mwezi wa Mei unaweza kukikuta mwezi wa Novemba kikikungoja usawa wa injini.

Ndiyo maana suala la kimo cha kiti, ambalo mtu angeweza kulihesabu kuwa la starehe, huku kwetu ni la usalama kwanza.

Boti ninazozungumzia ni za faiba, za urefu wa mita tano hadi sita, tumbo lenye umbo la V, injini ya kufungwa nyuma yenye nguvu za farasi 90 hadi 150, usukani upande mmoja na kioo kifupi mbele yake. Si nyingi Kanda ya Kati, lakini zipo, na kwa kawaida zimetengenezwa nje kwa kipimo cha mtu wa wastani ambaye huenda si wewe. Dereva mfupi anajikuta ananyoosha shingo safari nzima. Mwenye kimo cha kati anajikuta fremu ya juu ya kioo imekaa sawasawa mbele ya mboni zake. Wote wanataka kiti kiinuliwe, na ushauri wa kwanza wanaoupata kwa fundi ni mmoja: "Weka mto tu, kaka." Wakati mwingine ushauri huo unatosha. Mara nyingi hautoshi.

Njia ambazo mtu wa Dodoma anaweza kuzifikia ni nne: kuongeza mto, kujenga boksi la kudumu chini ya kiti, kufunga nguzo inayopanda na kushuka, au kubadilisha kiti chenyewe na kuweka kile ambacho sehemu yake ya mbele hukunjika. Nitazipitia zote kwa vigezo vilevile, maana kila moja ina mtu wake.

Vigezo vyenyewe

Cha kwanza ni macho, na hapa naomba tuhesabu pamoja. Chukua boti ambayo macho ya dereva yako mita 1.5 juu ya maji, na ncha ya omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, iko mita 3 mbele yake, kimo cha mita 1.2. Mstari wa macho unaopita juu ya omo utagusa maji mita 15 kutoka alipo dereva. Si mbaya. Sasa kanyaga mafuta. Boti inapojitahidi kupanda juu ya maji omo huinuka. Tuseme imeinuka sentimita 25. Mstari uleule sasa unagusa maji mita 90 mbele. Kila kilichoelea chini ya mstari huo, boya, mtumbwi, mgongo wa kiboko, hukioni. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mita 90 ni kama sekunde kumi na moja za kwenda bila kuona.

Inua kiti sentimita 10 tu, uhesabu tena: mita 90 zinakuwa 32. Boti ikishakaa sawa juu ya maji faida inapungua, kutoka mita 15 hadi 12, lakini kile kipindi cha omo kuinuka ndicho cha hatari zaidi, na hapo sentimita kumi zinafanya kazi kubwa sana. Jambo hili ni zito kiasi kwamba kipo kiwango cha kimataifa, ISO 11591, kinachohusu tu eneo analoliona dereva wa boti ndogo akiwa kwenye usukani.

Upo na upande wa pili wa macho: kioo. Ama utazame kupitia katikati ya kioo, ama utazame juu yake ukibakiwa na nafasi ya vidole kadhaa kati ya mstari wa macho na fremu. Pale katikati, fremu inapokata upeo wa macho, ndipo pabaya, kwa sababu kila wimbi linakurusha mara juu ya fremu mara chini yake. Kuna watu ambao kuinua kiti kutawatoa kwenye kuona vizuri kupitia kioo na kuwaweka hasa kwenye fremu. Hao hawana budi kupanda zaidi au kubaki walipo.

Cha pili ni miguu, kigezo kinachosahaulika kuliko vyote. Dereva wa boti ya kasi anajishikilia kwa nyayo zake. Boti ikikata kona au ikitua kwa kishindo, nyayo zilizokanyaga imara ndizo zinazobeba sehemu ya uzito na kumzuia asirushwe. Ukiinua kiti sentimita 12 na miguu ikabaki inaning'inia, umeongeza kuona na umeondoa nguzo mbili za mwili. Kwa maoni yangu, asiyeweka pa kukanyagia hajamaliza kazi ya kuinua kiti.

Cha tatu ni mikono. Kiti kikipanda, mapaja yanasogea karibu na usukani na wenzo wa mafuta unashuka ukilinganisha na bega. Kiwiko kinatakiwa kikunjwe kidogo unaposukuma wenzo hadi mwisho. Ukilazimika kuinama ili kuufikia, siku ya wimbi utausukuma bila kutaka. Usisahau na kamba ya kuzimia injini, ile inayofungwa kwa dereva ili akianguka injini izime. Kiti kikipanda, kamba inakazika zaidi. Hakikisha haikazi ukikaa wima wala ukigeuka kutazama nyuma. Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, dereva wa boti isiyofika futi 26 iliyofungwa swichi hiyo anatakiwa na sheria kuitumia boti ikiwa kwenye kasi. Hapa kwetu, nakuomba uivae hata kama hakuna anayekuuliza.

Cha nne ni sakafu na boliti. Watu wengi huogopa kwamba kiti kirefu kitapindua boti. Tuhesabu: dereva wa kilo 80 akipanda sentimita 10 kwenye boti ambayo pamoja na injini, mafuta na watu ina kilo 900, kitovu cha uzito wa boti nzima kinapanda chini ya sentimita moja. Boti haitapinduka kwa hilo. Kinachoteseka ni pale kiti kilipofungwa. Uzito wa mtu aliyekaa unahesabika kama sentimita 25 hivi juu ya kiti. Ukitoa kiti kimo cha sentimita 30 ukakipeleka 45, wenzo unaong'oa kitako cha kiti, yaani umbali kutoka sakafuni hadi uzito unapohesabika, unatoka sentimita 55 kwenda 70, ongezeko la zaidi ya robo. Sakafu nyingi za boti hizi ni plaiwudi iliyofunikwa faiba, na plaiwudi iliyonyonya maji haishiki skrubu hata kidogo.

Cha tano ni watumiaji na mfuko: ni dereva mmoja au wanapokezana? Je, kazi inaweza kufanywa na fundi wa hapa, au vifaa vinaagizwa Dar es Salaam?

Pima kabla ya kununua chochote

Weka boti kwenye trela, sawa kabisa, kama itakavyokaa majini. Vaa viatu vya kazini na jaketi okozi, kwa sababu jaketi linakusogeza mbele na kubadilisha mkao. Tafuta vipande vya mbao vya unene wa sentimita mbili, uviweke kimoja kimoja chini ya mto wa kiti huku ukikaa na kutazama, ukishika usukani, ukisukuma wenzo. Mwombe mtu anyanyue mbele ya trela kwa jeki mpaka omo ipande kama inavyopanda majini, kisha atembee na fimbo yenye kitambaa kuelekea kwako kutoka mbali mpaka kitambaa kipotee nyuma ya omo. Hapo unapata kipimo chako mwenyewe badala ya kukisia. Andika kimo cha kiti kilichokupa macho mazuri, na pia nafasi iliyobaki kati ya nyayo na sakafu. Namba hizo mbili ndizo zitakazokuchagulia njia.

Vipande hivyo ni vya kupimia nchi kavu tu. Usiingie navyo majini.

Njia ya kwanza: mto

Kwa macho, mto unatoa kidogo kuliko unavyoonekana dukani. Sponji laini ya sentimita 10 ukishaikalia inabaki nyembamba, na boti ikidunda inabanwa mpaka mwisho. Sponji ngumu ya chembe zilizofungwa, isiyonyonya maji, inapoteza kimo kidogo sana, kwa hiyo sentimita tano zake ni karibu sentimita tano za kweli.

Kuna hatari ambayo wengi hawaitarajii: sponji laini sana hailindi mgongo, huuumiza zaidi. Boti inapoanguka kutoka kwenye wimbi, mwili unazama ndani ya sponji ukiwa unaongeza kasi, halafu unagonga ubao wa chini kwa nguvu kuliko kama ungekaa kwenye kitu kigumu kiasi. Mwambie fundi sofa akuwekee tabaka gumu chini na jembamba laini juu.

Miguu haipati taabu kubwa kwa sababu ongezeko ni dogo. Ukizidi sentimita tano au sita, rudi kwenye suala la pa kukanyagia. Mikono karibu haibadiliki. Sakafu haiguswi kabisa, na hilo ndilo sifa kubwa ya njia hii: hutoboi, hutii boliti, huharibu chochote. Lakini mto lazima ufungwe kwenye kiti kwa mikanda yenye vifungo au skrubu za pembeni. Mto uliowekwa tu unateleza kwenye kona, nawe unateleza nao.

Angalia pia mgongo wa kiti. Ukipanda bila mgongo na pembeni za kiti kupanda, kile kiuno kilichokuwa kimeshikwa kinabaki wazi. Kwenye viti vya boti za kasi, vyenye mbavu za kumkumbatia dereva, mto wa sentimita kumi unaifuta kazi hiyo karibu yote.

Mafundi sofa wa Dodoma wanaifanya kazi hii kwa siku moja. Chagua reksini nene ya rangi ya mpauko. Nyeusi kwenye jua la huku inaunguza mapaja, na ikipigwa na jua na vumbi la miezi ya upepo inapasuka mapema. Kila dereva anaweza kuwa na mto wake mwenyewe, jambo linalowafaa wanaopokezana kwa tofauti ndogo ya kimo.

Inamfaa anayehitaji sentimita tatu hadi sita, boti ya kuazima au ya kukodi, na asiyetaka kutoboa sakafu.

Njia ya pili: boksi la kudumu

Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa boti yenye dereva mmoja, nami nitaizungumzia kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka.

Kwa macho, boksi linakupa kimo chochote ulichopima, kisichobadilika. Ukiinua sentimita 9, utakaa juu sentimita 9 leo na mwakani. Kiti kinapanda kizima, mgongo na mbavu zake, kwa hiyo mwili unaendelea kushikwa vilevile. Ukiweka vipande vya milimita tano hadi kumi chini ya boliti za mbele tu, kiti kinalala nyuma kidogo na mapaja yanapata kuegemea. Kwa boti inayodunda, ulalo huo mdogo unazuia kuteleza mbele.

Miguu inahitaji kazi ya ziada. Kwa boksi la zaidi ya sentimita sita au saba, tengeneza ubao wa kukanyagia wenye ulalo, uliofungwa imara kwenye sakafu au kwenye ukuta ulio mbele ya dereva, wenye mpira wa kuzuia utelezi. Kimo chake kiwe takriban sawa na ulichoongeza kwenye kiti. Mikono nayo: ukipanda zaidi ya sentimita kumi, kuna uwezekano mapaja yakagusa usukani. Boti zenye usukani wa kuinamishwa hazina shida. Zisizo nao, itabidi kubadilisha pembe ya kitako cha usukani, na hiyo ni gharama nyingine.

Sakafu ndipo penye maneno. Kabla ya drili kugusa chochote, ujue kilichopo chini. Katika boti nyingi za ukubwa huu tangi la mafuta, mabomba na nyaya hupita chini ya sakafu ya dereva. Fungua vifuniko, ingiza mkono, tumia taa na kioo kidogo. Usimruhusu fundi atoboe kwa kukisia, hata awe hodari namna gani kwenye viti vya mabasi. Gongagonga sakafu kwa mpini wa bisibisi: mlio mkavu ni mzuri, mlio uliokufa ni dalili ya plaiwudi iliyooza. Sakafu iliyooza inatengenezwa kwanza. Hakuna boliti itakayoiokoa.

Boliti ziwe za chuma cha pua, zipite hadi chini na kukutana na bamba pana la kugawa nguvu, pamoja na nati zenye plastiki ndani ili zisilegezwe na mtetemo. Skrubu za mbao zisihesabiwe kuwa ufungaji. Kila tundu lizibwe kwa gundi ya boti isiyopitisha maji, ndani ya tundu na juu yake, maana tundu moja lililo wazi linatosha kuozesha sakafu nzima kwa misimu michache.

Boksi lenyewe linaweza kuwa la plaiwudi isiyoachana kwa maji iliyopakwa epoksi na faiba pande zote, zikiwemo kingo, au la alumini iliyochomelewa. Wachomeleaji wetu wengi wanafanya kazi na chuma cheusi, na chuma cheusi kitaota kutu hata maji yakiwa baridi yasiyo na chumvi. Ukilazimika kukitumia, kipakwe rangi ya kuzuia kutu vizuri na kikaguliwe mara kwa mara. Acha tundu la kutolea maji na la hewa. Nafasi ya ndani ni zawadi: kizima moto kinakaa vizuri hapo, karibu na mkono wa dereva.

Gharama ni ya kati, na karibu yote inabaki hapahapa Dodoma. Kasoro yake ni moja na ni ya kweli: boksi halimjui dereva wa pili. Mrefu akikaa kwenye kiti cha mfupi, fremu ya kioo au upepo vitamwadhibu.

Inamfaa mwenye boti anayeendesha mwenyewe, anayejua kipimo chake, na ambaye sakafu yake ni nzima.

Njia ya tatu: nguzo inayopanda na kushuka

Nguzo za aina hii ni mbili. Ipo ya pini, ambayo unainua kiti kwa mkono na kuchomeka pini kwenye tundu ulilochagua. Na ipo ya gesi, inayofanana na ya viti vya ofisini, ambayo unavuta wenzo mdogo na kiti kinapanda chenyewe. Juu yake kwa kawaida kuna reli ya kusogeza kiti mbele na nyuma, na mara nyingi kitako cha kuzunguka.

Kwa macho hakuna njia inayoizidi kubadilika. Unaweza kukaa juu asubuhi unapotoka polepole kati ya visiki, na kushuka nyuma ya kioo alasiri upepo unapoanza kuvuma. Madereva watatu wa vimo vitatu wanahudumiwa na kiti kimoja. Reli inasaidia mikono, kwa kuwa kila anayepanda anahitaji pia kusogea.

Miguu ndiyo inayolipa gharama ya kubadilika huko. Kiti kinapanda lakini sakafu haipandi, na ubao wa kukanyagia wa kimo kimoja utawafaa baadhi tu. Tengeneza wa ngazi mbili, au bomba la kukanyagia linalofungwa kwenye nguzo yenyewe. Sipendi sana la kwenye nguzo kwa boti za kasi: kiti kikizunguka kidogo miguu nayo inazunguka, na nguvu zote za mwili zinaishia kwenye nguzo ileile.

Kwenye sakafu njia hii ndiyo inayodai zaidi. Boksi linagawa nguvu kwenye eneo pana. Nguzo, ambayo kipenyo cha kawaida ni kama milimita 73, inazikusanya zote kwenye kitako kimoja cha mviringo. Hesabu ya wenzo niliyoitaja juu inauma hapa kuliko mahali pengine. Bamba la chini ya sakafu liwe pana kuliko kitako.

Na hapa pana onyo ambalo ningependa kila muuzaji alisome kwa sauti. Zipo nguzo nyembamba zilizotengenezwa kwa ajili ya mvuvi aliyekaa kwenye boti iliyosimama. Watengenezaji wake huzibandika lebo kwamba zisikaliwe boti ikizidi mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kilomita 8. Ni nafuu, zinang'aa, na zinaingia kwenye kiti chochote. Hazimfai dereva wa boti ya kasi hata kidogo. Uliza waziwazi: nguzo hii ni ya kukalia boti ikiwa mwendoni? Kama hakuna jibu lililoandikwa, iache.

Kitako cha kuzunguka nacho kiwe na kufuli inayokamata kweli. Vumbi letu linaingia kwenye pini, reli na kufuli. Zioshe kwa maji safi na kuzipaka grisi nyepesi, la sivyo kiti kitagoma kupanda siku unayokihitaji, au, vibaya zaidi, kitashuka chenyewe kwenye wimbi. Ya gesi huchoka baada ya muda na kubadilishwa. Ya pini haina cha kuchoka isipokuwa tundu lenyewe kutanuka.

Bei iko juu ya boksi, na nguzo nzuri itabidi iagizwe. Inaifaa boti yenye madereva wengi: ya doria, ya kubeba wageni, ya familia ambamo baba, mama na kijana mkubwa wote hushika usukani.

Njia ya nne: kiti cha kukunja sehemu ya mbele

Huku hakijulikani sana, lakini kwenye boti za mashindano na za mwendo mkali ni cha kawaida. Sehemu ya mbele ya kalio la kiti ina bawaba. Ikiwa imelala, unakaa kama kawaida. Ukiikunja, inakuwa ukingo ulio juu, na unakaa nusu umesimama au unasimama kabisa ukiwa umeegemea, mgongo na mbavu za kiti vikiendelea kukushika. Kwenye boti za bei kubwa kalio lote hushushwa kwa mota ya umeme, dereva akabaki amesimama ndani ya kiti.

Macho yanapata kimo kikubwa kwa kitendo kimoja cha mkono, tena wakati hasa unakihitaji: unapoondoka, unapopenya kwenye visiki, unapokaribia gati. Miguu inafaidika kuliko njia zote, kwa kuwa imekanyaga sakafu yenyewe na magoti yaliyokunjwa kidogo yanameza kishindo. Mikono ndiyo ya kuangalia: ukisimama usukani unakuwa chini, na wenzo wa mafuta uko chini zaidi, hivyo mtu mrefu atainama. Kamba ya kuzimia injini ipimwe ukiwa umesimama.

Sakafu inapata mzigo wa wastani kwa sababu kimo cha kitako hakibadiliki. Tundu za kiti cha zamani mara nyingine hulingana na za kipya, mara nyingi hazilingani. Yale ya boliti na bamba ni yaleyale. Kikague pia kifungio cha bawaba: kikilegea, kalio litaanguka ukiwa umeliegemea.

Shida ni upatikanaji. Kiti kizuri cha aina hii ni cha kuagiza, na ni kizito. Fundi sofa akishirikiana na mchomeleaji anaweza kukiiga, ila ningeikubali kazi hiyo kwa fundi aliyewahi kukikagua cha kiwandani kwa macho yake. Na kwa asiyeweza kusimama muda mrefu, kiti hiki hakimsaidii akiwa amekaa. Kimo chake cha kukalia ni kilekile cha zamani.

Kinamfaa dereva mwenye nguvu za miguu, anayekimbiza boti kwenye wimbi fupi, na anayehitaji vimo viwili tofauti kabisa katika safari moja.

Kuna pia viti vya kumeza mishtuko, vyenye springi au silinda chini yake. Kwa boti za doria zinazoshinda majini ni neema kwa migongo. Kwa boti ya mita tano, kimo chake cha kuanzia huwa kikubwa mno, na bei yake inaweza kukaribia ya injini iliyotumika. Na viti vya magari vilivyokwishatumika, ambavyo mafundi hupenda kuvipendekeza, vina sponji inayonyonya maji na fremu inayoota kutu. Sivipendekezi kwa chombo cha majini.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Ukikosa sentimita nne tu na sakafu yako hujui hali yake, chukua mto wa sponji ngumu, uufunge, na utumie msimu huu kuichunguza sakafu.

Ukiendesha peke yako na kipimo cha trela kimekupa sentimita saba hadi kumi na mbili, jenga boksi pamoja na ubao wa kukanyagia, vyote kwa mkupuo mmoja. Usiseme ubao utafuata baadaye.

Mkiwa madereva wawili mnaotofautiana kidogo, boksi kwa kipimo cha mrefu na mto wa kufunga kwa mfupi ni mchanganyiko mzuri na wa bei nafuu kuliko nguzo. Tofauti ikizidi sentimita kumi, au madereva wakiwa watatu na zaidi, nguzo inastahili fedha zake, mradi iwe ya mwendoni na sakafu iwe imeimarishwa.

Ukisafiri zaidi alasiri za Juni hadi Septemba, upepo unapokuwa mkali na wimbi fupi, fikiria kiti cha kukunja kabla ya kufikiria kupanda juu. Kukaa juu zaidi kwenye wimbi la namna hiyo kunakurusha zaidi. Kuegemea ukiwa umekanyaga kunakutuliza.

Mwenye maumivu ya mgongo aanze na ubora wa sponji na pa kukanyagia, halafu apunguze mwendo. Kimo kije baadaye.

Ukiendesha Hombolo au bwawa jingine dogo, ambako safari ni fupi na mwendo si mkali, mto unaweza kuwa ndio mwisho wa safari yako ya kutafuta.

Na kama kwenye kipimo cha trela uliona vizuri lakini majini omo inakuziba kila unapoondoka, huenda kosa haliko kwenye kiti. Ishushe injini kwa kitufe cha trimu mpaka iegemee karibu na boti kabla ya kukanyaga mafuta, sogeza betri, mtungi wa mafuta ya akiba au abiria mmoja mbele, uone omo inavyokaa. Ikishuka vya kutosha, pima tena kabla ya kumlipa fundi yeyote.